Kichujio Katika Mshipa wa Baba

Mama yangu alifariki asubuhi, mbele ya wageni, alipokuwa akiinuka kuwasalimu. Wakati huo tuliishi Tulia, Kitui, na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume, uzazi mgumu uliomwacha hoi, na kwa desturi ya wakati ule hakuruhusiwa hata kuinua sufuria. Kazi yake ilikuwa kulala, kunyonyesha, kula na kulala tena.

Aliyemhudumia alikuwa shangazi yangu, dada wa pekee wa baba. Ndoa yake ilikuwa imevunjika kwa sababu hakupata mtoto, akarudi kuishi nasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ambayo hakuweza kuipunguza hata akitaka. Akinong'ona, jirani anasikia. Mama alipenda kumtania kwa hilo. Wale wawili walikuwa marafiki kuliko mawifi wengi niliowaona baadaye maishani, na mtoto alipozaliwa, shangazi ndiye aliyemwogesha, akambeba mgongoni na kumwimbia nyimbo za kanisani mpaka alale.

Baada ya wiki mbili hivi, mguu wa kushoto wa mama ulianza kuvimba. Uvimbe ulianza kwenye shavu la mguu ukapanda mpaka pajani, ngozi ikavutika na kung'aa kama imepakwa mafuta. Mama alisema unauma kwa ndani, mahali ambapo mtu hawezi kugusa. Shangazi alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa na kumkanda. Alimkanda asubuhi na jioni, kwa uvumilivu, huku wakizungumza. Nakumbuka mama akifumba macho na kusema, "Hapo, hapo hapo, bonyeza kidogo."

Siku ile wanawake wa kanisa walikuja na kuni na unga, kama wanavyomwendea aliyejifungua. Shangazi alikuwa amempa mama uji kwenye kibuyu, na mama alikuwa amekunywa mafunda machache. Wageni walipoingia, shangazi alimwambia akae tu, watamsalimu pale pale alipo.

"Nimechoka kusalimiwa kama mgonjwa," mama akasema.

Akaweka kibuyu chini, akashika ukingo wa kitanda, akasimama. Alipiga hatua moja, labda mbili. Kisha akaweka mkono kifuani na kusema, "Nifungulieni mlango." Mlango ulikuwa wazi. Aliutazama kana kwamba hauoni, midomo yake ikabadilika rangi, akaanguka mikononi mwa mwanamke aliyekuwa karibu naye. Hakusema neno lingine.

Watu walitaka sababu. Hata mimi mtoto nilitaka. Mwanamke kijana, anayenyonyesha, anayecheka, hawezi kusimama tu na kufa. Na sababu ikapatikana haraka: uji. Nani aliyeupika? Yule ambaye hana mtoto wake. Yule ambaye tayari alikuwa akimbeba mtoto wa mwenzake kana kwamba ni wake. Hakuna aliyelitaja neno uchawi mbele ya mchungaji, lakini lilitajwa kila mahali pengine.

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo walikaa uani kwetu. Mimi nilikuwa nimekaa na nyanya, mama yake mama, kwenye kizingiti cha jiko, niliona na kusikia. Mzee mmoja alizunguka na maneno mengi, mwisho akamgeukia baba. "Huyu ni dada yako," akasema. "Una lolote la kusema juu yake?"

Shangazi alikuwa amesimama karibu na ghala, mtoto mgongoni. Baba alitazama chini.

"Sina," akasema.

Labda alitaka kusema kwamba hana shtaka. Labda alikuwa amechoka asiweze kufikiri. Lakini watu walilisikia kama kwamba hana la kumtetea, na jambo likafungwa kama kwa kufuli. Nyanya alimwendea shangazi, akamfungua leso na kumchukua mtoto, bila kumwangalia usoni. Kabla ya juma kuisha, shangazi aliondoka na mzigo mmoja kichwani, na hakuna aliyemsindikiza.

Baada ya hapo baba hakuweza tena kukaa Tulia. Alituhamisha mpaka Tawa, akanunua mashine ya posho, na maisha yetu yakawa kelele za mashine na vumbi la unga. Aliokoka, akawa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache aliyeheshimika sokoni. Hakuoa tena. Jina la dada yake halikutajwa nyumbani kwetu. Wachuuzi waliosafiri ndio walioleta habari zake: yuko Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, ana hoteli ndogo anawapikia madereva wa malori. Habari kama hizo zikisemwa, baba alikuwa akitoka nje kwenda kuiangalia mashine, hata kama imezimwa.

Nilikua, nikawa mwalimu wa shule ya msingi pale pale Tawa, nikaolewa si mbali na nyumbani. Mdogo wangu, yule mtoto wa uji, alikwenda Nairobi kufanya kazi ya umakanika. Siwezi kusema kwamba nilimfikiria shangazi kila siku. Nilimfikiria nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, na wa pili, kisha nikarudi kwenye shughuli zangu kama mtu yeyote.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba alivunjika mguu. Lori lilikuwa limeleta magunia ya mahindi, naye, kwa kutoamini kwamba amezeeka, akapanda kusaidia kushusha. Rundo liliporomoka likamwangukia, mfupa wa paja ukavunjika. Katika hospitali ya wilaya aliwekwa kitandani, mguu ukavutwa kwa vyuma vizito vilivyoning'inia mwisho wa kitanda ili mfupa ujiunge. Alikaa hivyo wiki nyingi, chali, akitazama dari.

Nilikuwa nikimtembelea kila nilipopata nafasi. Jumamosi moja nilimfunua shuka nimpanguse miguu kwa maji, nikaona shavu la mguu uliovunjika limevimba, ngozi imevutika na kung'aa. Kitambaa kilinikaa mkononi. Nilikuwa sijauona mng'ao ule tangu utotoni, na bado niliutambua mara moja, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Kwa ndani," baba akasema.

Nilimwita muuguzi, naye akamwita daktari wa zamu. Sikujua nilichokuwa nikiogopa, nilijua tu kwamba naogopa. Walikuwa bado wanajadiliana la kufanya wakati baba alipoanza kuhema. Alisema kuna kisu ubavuni kila akivuta pumzi. Alikohoa, na kwenye kitambaa kukawa na damu kidogo. Siku hiyo hiyo alipakiwa kwenye ambulensi kwenda Nairobi, mguu umefungwa kwenye ubao, nami nimekaa kando yake nikimshikilia chupa ya dripu.

Hospitali ile ya Nairobi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mdogo wangu alitumia nusu saa kututafuta ndani yake. Daktari aliyetupokea alikuwa mtu wa Mkoa wa Kati, mpole, mwenye nywele zilizoanza kupata mvi na Kiswahili cha kawaida kama chetu. Alimwita baba "Mzee" tangu mwanzo mpaka mwisho. Walimpiga picha za mguu kwa kutumia dawa inayoonyesha mishipa, wakaona damu imeganda kuanzia chini ya goti mpaka pajani. Kipande kidogo kilikuwa kimeshakatika na kufika kwenye mapafu. Ndicho kile kisu.

Akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Kwa siku chache alipata nafuu. Kisha akatapika damu nyeusi. Kumbe alikuwa na vidonda vya tumbo alivyovificha kwa miaka, akinywa maziwa na kunyamaza, na dawa za maumivu alizopewa kwa ajili ya mguu zilikuwa zimevichokonoa. Dawa ya damu ikasimamishwa haraka. Hapo ndipo nilipoelewa tulipofika: dawa ikiendelea, atatoka damu tumboni mpaka afe. Ikisimama, kipande kikubwa zaidi kinaweza kukatika mguuni wakati wowote.

Daktari alivuta kiti, akakaa kando ya kitanda. Mdogo wangu na mimi tulisimama upande wa pili.

"Mzee, damu ikikaa mahali pamoja bila kutembea, inaganda," akasema. Aligusa shavu la mguu wake mwenyewe, akapandisha kidole pajani, kwenye kinena, mpaka katikati ya tumbo. "Hapa ndani kuna mshipa mkubwa. Damu yote ya miguu inapitia hapo ikirudi kwa moyo. Kipande kikikatika kule chini, kinapanda na njia hii, kinapita kwa moyo, kinaenda kuziba mapafu. Kikiwa kidogo, unasikia uchungu kama ule ulisikia. Kikiwa kikubwa, mtu anaamka kitandani, anatembea hatua moja, anasema anataka hewa, anaanguka. Hata hakuna muda wa kuita daktari."

Nilimwona baba ameacha kupepesa macho.

"Sasa sisi tunataka kuweka kichujio kwa huo mshipa mkubwa," daktari akaendelea. "Ni kitu kidogo cha waya, kama mifupa ya mwavuli bila kitambaa. Kinaingizwa kwa shingo, kikiwa kimekunjwa ndani ya mpira mwembamba, tunakisukuma mpaka hapo tumboni, kisha kinajifungua na kushika kuta za mshipa. Damu inapita. Kipande kinashikwa."

"Ni chekeche," baba akasema polepole.

"Ni kama chekeche."

"Chekeche la mashine yangu huziba. Mimi hulitoa nikalipiga-piga. Hilo la kwangu nani atalitoa?"

Daktari alitabasamu. "Hakuna. Litakaa hapo. Kipande kikinaswa, mara nyingi damu inayopita inakiyeyusha pole pole. Wakati mwingine kweli linaziba, na miguu inavimba. Siwezi kukudanganya kwamba halina shida. Lakini shida ya mguu kuvimba ni afadhali kuliko ile ingine."

Alisema pia kwamba kazi hiyo haifanywi mara nyingi hapa nchini. Yeye alijifunza ng'ambo, na vichujio vyenyewe vililetwa kutoka huko. Alituuliza kama tunakubali. Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa, nami pia. Tukamtazama baba.

"Daktari," baba akasema, "hii damu inaganda kwa waliovunjika tu?"

"Hapana. Hata waliopasuliwa. Hata mtu yeyote amelala sana."

"Na mwanamke aliyejifungua?"

"Huyo hasa," daktari akasema. "Damu ya aliyejifungua inaganda haraka, na watu wetu wanamwambia alale. Unaona mguu mmoja umevimba, halafu siku moja anaamka..." Nadhani aliona nyuso zetu. Baba alikuwa amegeukia ukuta.

"Wekeni," akasema, akiwa bado amegeuka.

Walimweka kichujio kesho yake. Hakulazwa usingizi, alidungwa tu ganzi shingoni. Aliniambia baadaye kwamba alisikia mtu akisukuma kitu ndani yake bila maumivu, kama mtu anayetembea kwenye chumba cha pili, na kwamba kwenye kioo cha mashine aliona kijiti kikishuka, kisha kikafunguka. Nilionyeshwa picha ya eksirei. Kando ya mifupa ya mgongo kulikuwa na kitu cheupe chenye miguu myembamba, mfano wa buibui aliyening'inia. Niliiangalia sana picha ile. Nilikuwa nikifikiri juu ya kitu kidogo namna hiyo, na mtu anayeishi au anayekufa kwa sababu kipo au hakipo.

Jioni ile nilimfuata daktari kwenye ukumbi. Nilimweleza habari za mama: uzazi, mguu, mlango uliokuwa wazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikumwona, kwa hivyo siwezi kuapa," akasema. "Lakini ungekuwa mtihani, hilo ndilo jibu ningeandika."

Nilikuwa nimejitayarisha kushukuru na kwenda. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukiuliza swali lingine. "Alikuwa akikandwa. Asubuhi na jioni. Mguu ule ule."

Daktari alivua miwani akaishika mkononi. "Siku hizi tunakataza," akasema. "Mguu wenye damu iliyoganda haukandwi, kwa sababu unaweza kukivunja kile kipande. Lakini mwalimu, vipande hivyo vinakatika hata kwa mtu ambaye hajaguswa na yeyote. Baba yako hakukandwa."

Nilirudi kitandani kwa baba nikiwa na jambo hilo, na sikumwambia.

Siku zilizofuata hakuzungumza sana. Vidonda vya tumbo vilitibiwa, mfupa ukafungwa kwa plasta, na mwishowe akaruhusiwa. Kanisa na ndugu walitusaidia na gharama. Alikaa nyumbani Tawa akijifunza kutembea kwa magongo. Watu wa kanisa walikuja kumpa pole, naye akawaambia kwamba ana chuma tumboni, wakacheka wakidhani ni utani. Mimi nilingoja. Nilijua kuna kitu anakitafutia njia, na sikutaka kumsaidia. Lilikuwa neno lake, si langu.

Siku moja baada ya ibada alisema, "Mwambie mdogo wako aje na gari. Nataka kwenda Kambu."

Mdogo wangu aliazima pikapu ya tajiri wake. Tulipitia Wote, tukatokea Emali, tukashika barabara kuu. Daktari alikuwa amemkataza baba kukaa muda mrefu bila kusimama, basi kila mara tulisimamisha gari, akashuka na kutembea kando ya barabara kwa magongo yake, malori yakipita na kumrushia upepo. Kwenye kituo kimoja alibaki amesimama hata baada ya kumaliza kutembea. Nilidhani amechoka. "Nikifika nitaanza na nini?" akauliza. Nikamwambia sijui.

Tulimkuta shangazi jikoni. Kabla hatujamwona tulimsikia, akimwambia mtu kwamba chapati hazijaiva. Sauti ile haikuwa imezeeka hata kidogo. Alitoka akijipangusa mikono kwenye leso, mrefu vile vile, nywele nyeupe, akatutazama mmoja mmoja. Alinitambua mimi kwanza. Kisha akamtazama baba, magongo, mguu.

"Umezeeka," akasema.

"Nimezeeka, mwana wa mwaitu," baba akajibu. Mtoto wa mama yangu, ndivyo Wakamba tunavyowaita ndugu zetu, na nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Alituketisha kwenye meza ya nyuma. Baba hakungoja salamu ziishe. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi kanisani: magunia, mguu, kisu cha ubavuni, maneno ya daktari. Alirudia maneno yale bila kuacha hata moja. Anaamka kitandani, anatembea hatua moja, anasema anataka hewa. Shangazi alisikiliza akiwa ameshika pembe ya meza kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo ilikuwa damu," akasema.

"Ilikuwa damu."

"Nilijua si mimi. Lakini sikujua ni nini. Kuna siku, unajua, unaanza kujiuliza hata kama maji ya ule uji yalikuwa safi." Akanigeukia. "Na kukanda? Nilikuwa namkanda."

Hakumuuliza baba. Aliniuliza mimi. Nadhani alikuwa ameshaona usoni mwangu kwamba najua. Ningeweza kusema uongo mdogo, na watu wengi wangenisifu kwa huo. Lakini alikuwa ameishi miaka mingi na uongo wa watu wengine, sikuona haki ya kumwongezea wangu.

"Daktari alisema siku hizi wanakataza," nikamwambia. "Kunaweza kukivunja kile kipande. Lakini alisema pia vinakatika hata kwa mtu ambaye hajaguswa. Baba hakukandwa na chake kilikatika."

Aliitazama mikono yake. Kulikuwa na unga kwenye vidole. Nje dereva mmoja aliita chai, hakuna aliyemjibu.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniambia nibonyeze," akasema. "Alisema nikimkanda anapata usingizi."

"Nakumbuka," nikasema.

"Vizuri umeniambia."

Baba aliegemeza magongo kwenye ukuta. "Siku ile niliulizwa kama nina la kusema," akaanza. "Nilikuwa nalo. Nilijua mlivyopendana. Niliogopa wale wazee, na niliogopa pia kwamba labda wana ukweli. Nikasema sina."

"Nilikungoja," shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akisema kwa sauti ya chini. "Hata nilipokuwa nikifunga mzigo nilikungoja. Nilisema, ataingia sasa, ataniambia weka chini."

"Najua."

"Hujui. Usiseme unajua."

Baba aliinamisha kichwa. Hakulia wala kupiga magoti, na shangazi hakumkumbatia. Baada ya muda alisimama akaenda kumpa yule dereva chai yake. Aliporudi alisimama mbele ya mdogo wangu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kimya kama mgeni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi."

"Ulikuwa hulali mpaka ushike kidole changu," akamwambia. Mdogo wangu, mtu mzima mwenye mikono ya grisi, hakujua atazame wapi, akaitazama meza.

Tulipokuwa tukiondoka baba alimwomba aje Tawa. Shangazi akasema ana biashara, hawezi kuiacha. Akasema pia kwamba hana jibu la kumpa bado. Baba akasema ni sawa.

Miezi ilipita bila habari. Kisha, siku ya soko, nilimkuta shangazi amekaa nje ya mashine ya baba kwenye gunia tupu, akibishana na mteja kuhusu zamu ya kusaga. Hakueleza ni nini kilichomleta. Alitaka kuiona ile picha ya eksirei, akaiinua juani, akaitazama kwa makini. "Kidogo hivi," akasema. Kuanzia hapo alikuja mara mbili tatu kwa mwaka. Akiwapo alimlazimisha baba kutembea asubuhi mpaka daraja na kurudi, naye baba akalalamika njia nzima kwamba soksi ya kubana aliyopewa hospitalini inamwasha. Mguu ule haukupona kabisa, ulivimba kila alipokaa sana. Lakini kisu cha ubavuni hakikurudi tena. Sijui kama alisamehewa. Sikuwahi kulisikia neno hilo kati yao. Niliwasikia wakigombana kuhusu bei ya mahindi, na wakati mwingine wakiimba.

Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, shangazi alifunga hoteli akaja kunihudumia. Mama mkwe wangu alikuwa ameshatandika kitanda cha kulala mwezi mzima. Siku ya pili tu shangazi alisimama mlangoni akaniambia, "Amka tutembee." Mama mkwe alishangaa, wakajibizana kwa heshima, na nikaamka. Tulizunguka nyumba polepole, mkono wangu begani mwake. Kila jioni aliiangalia miguu yangu, mmoja kando ya mwingine, akipima kwa macho. Hakuikanda. Mara moja nililalamika kwamba miguu inauma kwa uchovu, nikaona mkono wake ukija wenyewe, kisha ukasimama hewani, akaurudisha mapajani mwake na kunielekeza nitembee kidogo zaidi.

Baba alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa nimonia, akiwa mzee wa miaka mingi, na kichujio chake tulimzika nacho. Shangazi alikaa nasi mpaka matanga yakaisha, kisha akarudi Kambu. Huko alikuwa ameanza kuwazungukia wanawake waliojifungua, bila kuitwa na yeyote, akiwaambia waamke, na wakiona mguu mmoja umevimba wasiukande, waende hospitali. Wengine walimwona msumbufu. Mmoja, binti wa mfanyabiashara wa pale barabarani, alikuwa na mguu uliovimba mpaka pajani, na mama yake alikuwa tayari ameteleka maji ya kumkanda. Shangazi alimsimamisha dereva aliyekuwa akila hotelini kwake, akampakia msichana na mtoto wake kwenye kiti cha mbele cha lori, akapanda nao kwenda hospitali. Msichana alilazwa wiki kadhaa, akarudi kwa miguu yake.

Nilimuuliza shangazi ilikuwaje. Akaniambia hakuna la kusimulia, isipokuwa yule dereva alilalamika njia nzima kwamba atachelewa kufika Mombasa, na yeye akamwambia achelewe.